Nusu Inchi ya Baba Mkwe

Watu wa mji wetu husema nina mdomo. Sawa, ninao. Nimeendesha karakana ya matairi miaka ishirini na sita hapa kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska, na mtu akiniletea rimu isiyofaa namwambia haifai, awe padri, awe hakimu wa kaunti, awe baba wa mume wangu.

Baba wa mume wangu ni Emil Kovarik. Alikuwa zimamoto wa kujitolea kwa miaka arobaini na mmoja, na kumi na mitano kati ya hiyo alikuwa mkuu wa kikosi. Mkewe, Albina, alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo mzee alikuwa mtu wa kukaa jikoni kwake akitazama ng'ombe wa jirani dirishani. Halafu mwaka huu, theluji ilipoyeyuka, akaamka. Akatangaza kwamba anakinunulia kikosi rimu mpya za gari la kuzima moto wa nyika, na kwamba vipimo atachukua mwenyewe.

Rimu zilihitajika kweli. Gari hilo ni pikapu kubwa yenye tangi la maji mgongoni, na lilitoka kiwandani na magurudumu mawili mawili kila upande wa nyuma. Kwenye lami ni raha. Kwenye mchanga ni balaa. Ya mbele yanachimba njia yake, ya nyuma yanalazimika kuchimba nyingine, na katikati ya yale mapacha hunasa mawe na nyasi zinazowaka. Ndiyo maana vikosi vya huku huyang'oa yote na kufunga tairi moja pana kila pembe, ili la nyuma likanyage palepale lilipokanyaga la mbele.

Walizifunga Jumanne, mimi nikiwa Lincoln kwa dada yangu. Mji mzima una fundi mmoja wa matairi, na wao wanangoja asafiri! Niliporudi Ijumaa alasiri sikupita hata nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kituoni. Gari lilipendeza, sikatai. Limesimama kwa maringo, tairi zimejaa. Pale ukutani palikuwa na rimu ya tano, ya akiba, bado haina tairi. Nikailaza sakafuni.

Rimu huipimi ikiwa imesimama, wala huisomi tu. Unaigeuza, uso chini, mgongo juu. Unaweka ubao ulionyooka juu ya mdomo wa mgongoni, kisha unateremsha futi mpaka kwenye lile bamba lenye matundu ya nati, linalokaa kwenye kitovu cha ekseli. Kina hicho ndicho kinachokuambia gurudumu litaingia ndani ya gari kiasi gani, kuelekea springi, usukani na paipu za breki. Ofseti ni habari hiyohiyo kwa njia nyingine: bamba liko mbali kiasi gani na katikati ya rimu. Likisogea upande wa uso, gurudumu huingia ndani. Likisogea mgongoni, gurudumu hutoka nje.

Hizi za mzee bamba lilikuwa katikati kabisa. Nikapata inchi tano na nusu. Nikapima tena, tano na nusu.

Na juu ya meza ya kazi kulikuwa na ubao ambao mzee alikuwa ameandika hesabu zake kwa penseli ya seremala: upana kumi, nusu yake tano, nafasi inayobaki inchi moja. Hapo nikaelewa kila kitu. Kumi iliyopigwa chapa kwenye rimu ni upana wa ndani, pale tairi inapokalia. Midomo haimo. Kila mdomo una nusu inchi yake, kwa hiyo rimu ya kumi ni kumi na moja ukiipima kutoka ukingo hadi ukingo, na nusu ya kumi na moja si tano. Katika inchi yake moja, nusu aliiachia tumbo la tairi na nusu aliiachia usalama. Ile ya usalama ndiyo iliyoliwa na mdomo.

Jioni, mezani, nilimwambia mume wangu. Royce ndiye dereva wa gari hilo. Honi ikilia, ni yeye anayekimbia.

"Kula kwanza, mama," akasema.

"Royce, ni tano na nusu."

"Nusu inchi tu."

"Nusu inchi tu! Kamwambie hivyo daktari wa macho."

Akaweka uma chini. "Hukumwona Jumanne. Aliimba, Twyla. Baba yangu alikuwa anakaza nati huku anaimba zile nyimbo za zamani za Kicheki, na binamu Gaylen anamwitikia. Mara ya mwisho kumsikia akiimba mama alikuwa hai. Kesho wanampiga picha ya gazeti. Wacha mzee afurahi. Mimi nitakata kona polepole."

"Moto nao utakungoja ukate kona polepole?"

Akachukua uma tena.

"Basi mwambie baba yako aendelee na mazoezi ya kuimba," nikasema, "maana kwenye mazishi yako watahitaji kwaya."

Nilijuta. Kidogo. Lakini usingizi sikuupata vizuri, kwa sababu namjua Royce, na sikupenda alivyotaja kona kabla mimi sijazitaja.

Jumamosi kikosi kilikuwa na kifungua kinywa cha kila mwaka, watu wanakula chapati za maji na soseji ndani ya kituo, na kina mama wa kanisani wameleta kolachi, vile vimkate vitamu vya Kicheki, za plamu na za jibini. Redio ilikuwa imeonya tangu alfajiri: Jumapili upepo mkali, nyasi kavu, mtu asiwashe hata jiko la nje. Gari lilikuwa limetolewa uani na kung'arishwa. Gaylen, ambaye ni mkuu wa kikosi sasa na ni binamu yake Royce, aliniona nikija na futi mkononi akanikimbilia.

"Shemeji, nakuomba. Leo ni siku ya picha."

"Pigeni picha. Mimi nina neno na mzee."

"Neno gani? Tulilipandisha kwenye jeki, tukakata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia. Halikugusa kitu."

"Likining'inia hewani litagusa nini, Gaylen? Hata mimi nikining'inia hewani suruali hainibani."

Nilimwendea mzee kwa adabu, naapa. Nikainama sikioni kwake, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba rimu zina kasoro ya nusu inchi. Yeye ndiye aliyepiga kelele.

"Sema kwa sauti, mkwe! Hapa hapana siri!"

Basi nikasema kwa sauti. Watu wakaacha kutafuna.

"Mimi nimepima vitu kabla hujazaliwa," akasema.

"Najua, Baba. Ila hii uliipima au uliisoma?"

Akanitazama. Macho yake ni ya buluu na hayapepesi. "Niliisoma," akasema. "Imeandikwa kumi."

"Ni kumi pale tairi inapokalia."

Royce akanishika kiwiko. "Inatosha sasa," akaninong'oneza. Nikauondoa mkono wake.

"Baba," nikasema, "jazeni tangi. Wanaume sita wapande nyuma. Pakeni rangi nyeupe upande wa ndani wa tairi za mbele, kisha gari literemshwe kwenye mtaro nyuma ya ghala la nafaka, usukani umekatwa mpaka mwisho. Likitoka bila alama, nitaomba radhi hapa mbele ya watu wote, na nitaosha vyombo vyote vya leo."

"Na masufuria?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Na masufuria, Dorrance, na sahani yako iliyolambwa hiyo."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka, lakini alisimama. "Funguo," akamwambia Royce. "Naendesha mwenyewe."

Hapo nilimwona mume wangu akibadilika rangi. "Baba, acha mimi..."

"Funguo."

Rangi ilipatikana, ile nyeupe ya viatu ambayo watoto wa shule huandikia vioo vya magari siku ya kuhitimu. Nikalala chini nikaipaka mwenyewe kwenye bega la ndani la tairi, kulia na kushoto. Tangi likajazwa mpaka likafurika, na gari likakaa chini kwa uzito. Wanaume sita wakapanda, watatu kati yao wakiwa bado wanatafuna soseji. Mzee akaliendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, akaliingiza mtaroni, gurudumu la kushoto likapanda ukingo, akakata usukani mpaka mwisho.

Lililia kidogo tu, kama mlango wa kabati. Nadhani nusu ya watu hawakusikia. Mzee alisikia. Alizima injini, akashuka, akavua kofia, akajilaza kwenye mchanga akiwa na miaka yake sabini na saba, akaingiza kichwa nyuma ya gurudumu. Nikalala karibu naye.

Paipu ya breki ilikuwa na mstari mweupe wa urefu wa kidole. Angeweza kusema basi, umeshinda, na mimi ningefurahi siku nzima. Lakini aliufuta ule weupe kwa kidole gumba, na chini yake mpira ulikuwa umelika tayari, laini, unang'aa, nyuzi za ndani zimeanza kuonekana.

"Hii si ya leo," akasema.

"Si ya leo, Baba."

"Mguso mmoja hauli mpira hivi."

Kesho upepo, kilima cha mchanga, moto nyuma yake, na Royce anakanyaga pedali inayozama mpaka sakafuni. Nilitaka kulia palepale chini ya gari.

Mzee akatoka, akajipangusa magoti. "Nani ameliendesha likiwa na maji?"

Watu hamsini wakatazama chapati zao.

"Mimi," akasema Royce. "Jumanne, ulipokwenda nyumbani. Na Jumatano."

"Ukasikia?"

"Nilisikia, Baba."

"Gaylen?"

Gaylen alikuwa anatazama viatu vyake. "Nilikuwa ndani naye, Ami."

"Na mkaniacha nije nipigwe picha."

"Ulikuwa na furaha," Royce akasema. "Hukuwa na furaha tangu mama..."

"Mimi nimewazika watu wawili wa kikosi hiki!" Sauti ya mzee ilipaa mpaka kina mama wakatoka jikoni. "Nimekwenda kuwaambia wake zao mlangoni! Nawe ungeniacha nije nimwambie Twyla kwamba rimu zangu zimekuua, ili nisije nikasononeka?"

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sikulisema hilo. Hata mimi kuna mahali mdomo wangu hukoma.

Mzee akageuka taratibu, akiwatazama mmoja mmoja. Niliona wazo likimjia, na niliona lilivyomuuma zaidi kuliko paipu.

"Na karata?" akauliza.

"Karata gani, Ami?"

"Jumapili, baada ya misa. Miaka minne nashinda kila wiki. Zamani sikuwa nikishinda."

Royce akatazama kando. Dorrance, mtu mzima mwenye wajukuu, akaanza kuchunguza kofia yake.

"Ah," akasema mzee. Akaketi kwenye ngazi ya gari. Kisha akainua macho kwangu. "Na wewe?"

"Mimi? Baba, tukicheza wawili jikoni kwako hujanishinda hata mara moja. Unacheza vibaya mno. Unatoa karata ya jeki mapema mpaka najisikia vibaya."

Midomo ikamtetemeka, nikadhani ndiyo tumemvunja. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho, na sikujua tena kama bado ni kicheko.

"Nilijua kuna mmoja," akasema.

Baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi. Magurudumu ya zamani yalikuwa bado nyuma ya kituo. Tulibadilisha paipu, nikaagiza jeki mbili ziletwe kutoka karakana, na kufikia saa tano asubuhi gari lilikuwa limesimama kwa miguu yake ya zamani, si la kujivunia mchangani, lakini lenye breki. Mpiga picha alikwenda zake na picha ya kolachi.

Karakana ninafunga saa sita mchana Jumamosi. Ilikuwa saa sita kasorobo mzee alipoingia, Royce akiwa nyuma yake, akaomba simu ya mezani na namba ya waliouza rimu. Royce akasogea, mkono umenyooshwa.

"Baba, nipe mimi. Nitawaambia zimekuja na kasoro, watazichukua bila maneno."

Nikamshika mkono, nikaubana kwa nguvu zangu zote.

Mzee alisimama wima, kofia kwapani, kama mtu aliye mbele ya altare.

"Habari za mchana," akasema kwenye simu. "Naitwa Emil Kovarik. Rimu zenu ni nzima, hazina tatizo. Nilikosea kupima." Akasikiliza kidogo. "Hapana, bibie, si mwanangu aliyepima. Ni mimi. Andika jina langu."