Mshika Kamba

Siku ya pili ya mafunzo, walimu kumi na wanne walivua viatu, wakakunja suruali na kufunga sketi magotini, wakaingia mtoni na trei nyeupe. Mkufunzi alikuwa amewaonyesha namna ya kupindua jiwe taratibu, kulisugua kwa kidole ndani ya trei, kisha kuhesabu wadudu waliodondoka. Wakiwa wengi na wa aina nyingi, alisema, mto ni mzima. Mwalimu wa darasa la tano alipata thelathini na mmoja, akafurahi kama mtoto.

Kupima upana kulihitaji mtu wa kushika kamba ng'ambo, na hakuna aliyetaka kuvuka penye kina. Ndipo mume wa mwalimu wa darasa la tano alipoibuka katikati ya mto, akaipokea kamba, akavuka nayo. Alikuwa amefariki miaka miwili nyuma kwa ugonjwa wa ini. Bado alikuwa amevaa ovaroli ya kiwanda cha ngozi.

"Ivute kidogo, baba, imelegea," alisema mkufunzi.

Akaivuta. Mita tisa na nusu. Wakaandika.

Aliporudi upande huu, mkewe alimsogelea. Alikuwa amemkumbuka mno.

"Umekonda, mama watoto."

"Wewe huko umenenepa?"

Marehemu alicheka. Kisha akaonyesha kwa kidevu bomba la kiwanda, hatua mia mbili kwenda chini. "Hapa mnajidanganya. Kapimeni kule, saa sita. Koki ile nimeifungua mwenyewe miaka kumi na moja, kila siku saa sita kamili. Na kuchemsha hakusaidii. Dawa za ngozi haziogopi moto."

Saa tano na nusu mkufunzi alipuliza filimbi ya chakula. Ratiba ilitoka ofisini hivyo kila mwaka, na hakuna mwalimu aliyewahi kulalamika kwamba chakula kimewahi.

Mwalimu wa darasa la tano hakwenda kula. Alibeba trei yake hadi chini ya bomba, mumewe akimfuata mikono mfukoni. Saa sita yalitoka maji ya rangi ya chai iliyokolea. Alichota kikombe kimoja, akamimina kwenye trei. Wadudu wote thelathini na mmoja walitulia kabla hajafungua kalamu. Akaifungua, akaandika: wadudu hai, hakuna.

"Mwanangu anachota maji kule," alimwambia mkufunzi, akimkabidhi fomu. "Mtaa mzima unachota kule."

Mkufunzi aliisoma mara mbili. Hakuwa mtu mbaya. "Mwalimu, saa sita ni chakula. Fomu haina nafasi ya saa sita."

"Na huyu aliyekuwa akifungua koki?"

Mkufunzi alimtazama marehemu, aliyekuwa ameketi kwenye benchi akichuruzika maji. "Huyu tunamshukuru sana kwa kamba. Lakini hayumo kwenye orodha ya mahudhurio."

Jioni walipewa vyeti. Cha kwake kilikuwa na muhuri mzuri kuliko vyote.

Wiki iliyofuata aliwapeleka wanafunzi wake mtoni, kwa barua ya ruhusa iliyotaja mwisho wa kazi: saa tano na nusu. Marehemu aliwahi, akashika kamba, hata akawatania walioogopa konokono. Saa tano na nusu mwalimu alipuliza filimbi. Alijichukia, akaipuliza.

Siku hiyo mumewe alimsindikiza hadi nyumbani, akaacha alama za miguu yenye maji sebuleni. Binti yao alimletea kikombe.

"Karibu maji, baba. Yamechemshwa."

"Asante, mwanangu. Mimi nilishakunywa."

Mtaani hakukuwa na maji mengine. Mtoto akayanywa yeye, yasimwagike bure, na mama yake akahesabu mafunda kama alivyofundishwa kuhesabu wadudu. Yalikuwa manne.