Njia Tisa za Kuiharibu Soketi

Majira ya baridi ya mwaka 1969 Velda Hruska alichukiwa na kiwanda kizima, na mimi nilikuwa karibu peke yangu upande wake. Sijisifu. Nilikuwa fundi wa mashine ya kukunja shaba, kazi yangu haikuwa hatarini, na mtu ambaye kazi yake haiko hatarini haoni taabu kuwa na moyo mzuri.

Kiwanda chetu kilikuwa pembeni mwa mji wa Plattner, Nebraska, na tulitengeneza soketi za mita. Ni lile sanduku la bati linalofungwa kwenye ukuta wa nje wa nyumba, ambamo mtu wa umeme huchomeka mita yake ya kioo. Ndani mna mataya manne ya shaba yanayouma miguu ya mita. Taya moja la zamani lilikuwa na vipande vinane: shaba mbili, springi, bolti, nati, washa mbili, na kibati cha kuzuia lisizunguke. Zidisha mara nne. Vyote hivyo vilifungwa kwa mkono juu ya kigae cha kauri kisichopitisha umeme, na wanawake thelathini na mmoja walikaa mezani tangu saa moja asubuhi wakivifunga. Soketi moja, dakika kumi na moja. Kwa Rozella, aliyekuwa na mikono myepesi kuliko wote, dakika nane.

Rozella alikuwa wifi yake Velda, dada wa mumewe Milo. Ndiye aliyemwombea Velda kazi pale miaka kumi na saba nyuma, na hakumwacha asahau.

Januari hiyo Mzee Aldrich, mwenye kiwanda, alituita wote kwenye chumba cha kulia. Alisema wateja wanatuhama, kuna watu huko kusini wanauza soketi kwa bei iliyo chini ya yetu kwa theluthi nzima. "Nikishindwa kushusha bei kabla ya Pasaka, nafunga milango." Akamgeukia Injinia Thurman Keck, na Keck akasema ameshaanza kupunguza unene wa bati.

Velda akasimama. "Bati halina tatizo. Tatizo ni nati."

Watu wakacheka. Keck akatabasamu. "Mama, wewe funga nati. Kufikiri tuachie sisi."

"Nimezifunga miaka kumi na saba. Wewe umefunga ngapi?"

Akatoa kitu kwenye mfuko wa aproni. Lilikuwa taya, alilolikata kwa mkasi kutoka kwenye kopo la kahawa, kipande kimoja tu, kimekunjwa kama kibanio cha nguo. Akaeleza kuwa halifungwi. Linasukumwa kwenye tundu la kipande cha plastiki, linalia *ta!*, basi. Hakuna bolti, hakuna nati, hakuna kigae.

Mzee Aldrich alilishika akaligeuzageuza. "Soketi nzima itachukua dakika ngapi?"

"Mbili. Tatu kwa mtu mzembe."

Hapo kicheko kikakatika. Kila mwanamke mle ndani alikuwa anapiga hesabu ileile: dakika kumi na moja zikiwa tatu, sisi thelathini na mmoja tutabaki wangapi?

"Wifi," Rozella akasema, "unajua unachokifanya? Unatukata mikono."

"Kiwanda kikifungwa, hiyo mikono utaifanyia nini?"

"Afadhali tuzame wote kuliko wewe uelee juu ya migongo yetu."

Mzee Aldrich alimpa Velda wiki sita na meza kwenye karakana yangu. Keck aliambiwa amsaidie. Msaada wake ulikuwa kupita kila asubuhi na kuuliza kibanio cha nguo leo kimeanika nini.

Wanawake walikuwa wabaya zaidi. Walimbandika jina, Bi Kibanio. Saa ya chakula alipokaribia meza waliweka mikoba juu ya viti vyote vilivyokuwa wazi. Mtu alimtilia siki kwenye chupa ya kahawa. Alhamisi walikuwa na timu yao ya boling, ule mchezo wa kuangusha pini kwa tufe, Velda akiwa ndani yake tangu ianzishwe. Alhamisi ya kwanza alikuta viatu vyake vya kuchezea vimetolewa nje ya mlango wa ukumbi, vimejazwa theluji na kushindiliwa vizuri, kama mtu anayejaza soseji. Kabati langu nalo lilipakwa grisi mpaka ndani ya tundu la ufunguo.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Jumapili mezani kwa mama mkwe, bibi yule alimuuliza Milo mbele ya watu wote kama alioa mke au aliokota adui njiani. Milo aliendelea kula nyama na kabichi.

"Ungesema hata neno moja," Velda alimwambia wakiwa garini.

"Yule ni mama yangu, na yule ni dada yangu. Nikaseme nini?"

Haya Velda alinisimulia mwenyewe huku akipiga tupa, bila kuinua macho, na alipomaliza akaniambia nisimpe pole, nimkunjie shaba.

Wiki ya nne tulikuwa na soketi nzima. Mzee Aldrich akaleta mabwana wawili wa shirika la umeme kuiona. Keck ndiye aliyechagua nani aiunganishe, akamchagua Rozella. "Ndiye mwepesi wetu," alisema. Sikusikia walichoongea kabla, lakini nilijua wameongea.

Rozella alikaa, akakunja mikono ya sweta, akasukuma. *Ta, ta, ta, ta.* Dakika mbili na nusu. Mabwana wakatazamana. Keck akafunga nyaya, akachomeka mita, akaruhusu umeme.

Hazikupita dakika tano tukasikia harufu. Plastiki ikaanza kupinda pembeni, kisha moshi mweupe ukatoka. Keck alishusha swichi kubwa bila haraka yoyote.

"Hapo ni ukuta wa nyumba ya mtu," akawaambia wageni. "Na watoto wamelala ndani."

Velda alikinyakua kile kipande cha plastiki kingali cha moto. Taya moja lilikuwa limegeuzwa, mgongo mbele, likiushika mguu wa mita kwa ncha tu.

"Umeligeuza makusudi!"

"Ndiyo," Rozella akasema. "Nimeligeuza. Na limeingia. Hata mlio limetoa! Wewe unadhani duniani nipo mimi peke yangu wa kukosea? Mletee mtu aliyekesha na mtoto mgonjwa, uone atalitia vipi."

Mzee Aldrich akasema zimebaki wiki mbili, akawasindikiza wageni wake.

Tuliporudi karakana Velda alirusha nyundo ukutani. Alama yake ilibaki. "Namchukia," akasema. Akaenda kuiokota. "Na yuko sahihi, mshenzi yule."

Jumamosi aliniomba nimpeleke kwa Rozella kwa sababu Milo alikataa. Nilisimama nyuma yake barazani, theluji ikituingia shingoni. Rozella alifungua mlango wa ndani, ule wa wavu akauacha umefungwa.

"Umekuja kuomba radhi?"

"Nimekuja kukupa kazi."

"Kazi ninayo. Mpaka Pasaka."

"Njoo uniharibie," Velda akasema. "Kila siku saa ya chakula, mbele ya watu. Tumia kila hila unayoijua. Siku ya mwisho ukiweza kuiharibu, nitasema kwa mdomo wangu kwamba kitu changu ni takataka na mimi ni mpumbavu."

"Utasema na mbele ya mama?"

"Na mbele ya mama."

Rozella akamtazama kwa muda mrefu kupitia wavu. "Jumatatu," akasema, akafunga mlango.

Sijapata kuona mtu akifanya kazi kwa chuki safi kama ile. Jumatatu Rozella alivaa glavu ya sufu, akatumia mkono wa kushoto, akaliingiza taya nusu. Halikulia, na ukilitazama kwa juu hukuona tofauti. "Umeua mtu," akamwambia Velda, akaenda zake na mkate wake. Wanawake wakapiga meza. Jumanne aliligeuza tena likaingia, kwa sababu bega jipya tuliloliwekea taya ili lisigeuzwe halikuwa pana vya kutosha. "Umeua wawili." Jumatano alibana mataya mawili kwenye tundu la moja. Siku nyingine alilipiga taya kwa kisigino cha kiatu. Siku nyingine alifumba macho, akapoteza skrubu inayoshikilia plastiki kwenye sanduku, na soketi ikafungika bila skrubu hiyo kana kwamba haikuhitajika.

"Mmalize, Roz!" walimshangilia. "Mzike kabisa!"

Kila alasiri Velda alirudi karakana na kuandika njia hiyo kwenye karatasi aliyoibandika juu ya mashine yangu. Akapanua bega moja la taya na kulipunguza jingine. Akatoboa kitundu kwenye plastiki ili shaba isiyofika mwisho isionekane pale, na mkaguzi ajue kwa jicho moja. Skrubu akaiondoa kabisa, pahali pake akaweka ulimi wa plastiki ileile. Njia zilifika tisa. Kwa kila moja mimi nilikunja shaba upya na kulaani. Siku zote hizo mawifi hao wawili hawakuulizana hali hata mara moja. Kitu pekee Rozella alichokuwa akimwambia ni idadi ya maiti.

Siku ya mwisho alianza kengele ilipolia tu, hakugusa chakula. Aliligeuza taya, halikuingia. Alilisukuma kwa glavu, kwa kiganja, kwa mpini wa bisibisi. Alichukua mataya mawili akajaribu kuyabadilishana nafasi. Ukucha wake ukavunjika na damu ikaingia kwenye plastiki. Ushangiliaji ulikuwa umekwisha zamani. Watu walisimama tu na vikombe mikononi.

Kengele ya kurudi kazini ikalia. Rozella akakisukumia mbali kile kitu mpaka kikaanguka chini ya meza.

"Haiharibiki," akasema, kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa, akaenda kunawa.

Mabwana wa umeme walirudi. Soketi ilibeba umeme kutwa nzima na ukiishika unahisi vuguvugu tu. Wakatia sahihi. Mzee Aldrich akampa mkono Keck.

Wiki iliyofuata mchoro mpya ulibandikwa ukutani, na chini yake, palipoandikwa mbunifu, palikuwa na jina la Thurman Keck. Velda alipanda ofisini kwa Mzee Aldrich. Alishuka baada ya dakika tatu.

"Kasema karatasi za namna hii zinataka jina la injinia. Kasema Krismasi atanikumbuka."

"Na wewe ukasemaje?"

"Sikusema kitu, Tesch. Niliogopa nitalia mbele yake."

Siku hiyohiyo ilitoka orodha ya wanaoachishwa kazi, kumi na wawili, walioajiriwa mwisho watangulie. Jina la nne lilikuwa Marlys, binti wa Rozella.

Chama cha wafanyakazi kilikutana kwenye chumba cha chini ya kanisa. Mimi na Velda tulikaa safu ya nyuma, viti vya pembeni yetu vitupu. Watu walizungumza juu ya malipo ya kuachishwa, wakapiga kelele, wakachoka. Ndipo Rozella akasimama.

"Nimeuona ule mchoro," akasema. "Umeandikwa Keck. Keck hajakigusa kile kitu ila kwa kukicheka. Mimi nilikuwepo, ninyi mlikuwepo. Aliyekitengeneza ni yule kule nyuma, aliyekaa na Tesch." Hakugeuka kututazama. "Mwanangu anatolewa kazini kwa sababu yake. Sasa nataka jina lake liandikwe pale, kwa herufi kubwa. Marlys akiniuliza nani kamtoa, sitaki kumwonyesha mwanamume asiyejua hata kufunga nati. Mtu akinidhuru, nataka nimjue kwa jina."

Mtu mmoja alipiga makofi. Kisha wote. Hayakuwa makofi ya upendo. Nilizitazama nyuso zao. Wakakubaliana kwamba hakuna mkono utakaogusa taya jipya mpaka jina libadilishwe.

Walikaa mezani siku tatu wakifuma sweta. Mzee Aldrich alipiga kelele, akabembeleza, akapiga kelele tena. Siku ya nne mchoro ukabandikwa upya: V. Hruska. Keck alipita chini yake akiwa amekunja uso, na yeye sasa hakuna aliyemwamkia.

Jioni ile, kwenye maegesho ya magari, Velda alimfuata Rozella.

"Wifi."

"Usinishukuru. Sikukufanyia wema."

"Najua. Sikuja kushukuru. Nimekuja kukuambia nasikitika kwa Marlys."

"Sikitika basi," Rozella akasema, akakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake mpaka Velda akaondoka.

Wale kumi na wawili walitoka Ijumaa. Nilimwambia Velda apitie mlango wa karakana, angalau siku hiyo. Alikataa. Alivaa koti lake akaenda kusimama kwenye geti kuu, mahali ambapo kila mmoja alilazimika kupita mbele yake.

"Jina limeandikwa," alisema. "Na sura waione."

Walipita mmoja mmoja na masanduku yao ya vitu. Wengi walitazama pembeni. Mmoja alimtemea mate kwenye koti na Velda hakuyafuta. Mwanamke mmoja wa makamo, hata leo sijui kwa nini, alimpa mkono. Marlys alikuja wa mwisho, mama yake akimshika kiwiko. Binti alisimama kama anayetaka kusema neno, lakini Rozella akamvuta, wakaelekea garini.

Tulibaki pale wawili mpaka maegesho yakawa matupu. Velda alikuwa akilia kwa sauti, kama mtoto, na mara hii hakujali nani anamwona.