Nyumba ya Zorobabel

Nimetengeneza vitanda vya maharusi, nimetengeneza majeneza, nimetengeneza mabenchi ya kanisa ambayo watu wanasinzia juu yake kila Jumapili na hata moja halijapasuka. Lakini kabla ya mwaka huu hakuna mtu aliyewahi kuniagiza nyumba ya nguchiro.

Nguchiro mwenyewe aliletwa na Mukaka Katungu. Mukaka maana yake ni bibi, na sisi wote wa parcelle hii, kiwanja chetu cha Kimemi, tunamwita hivyo ingawa hakuzaa hata mmoja wetu. Alikimbia vita kwao Kalunguta kwa miguu, akafika Butembo siku ya pili, sufuria kichwani, na ndani ya kitenge kifuani kitu kinachotikisika. Mke wangu Bénite alidhani ni mtoto mchanga, akampa chumba cha nyuma haraka-haraka. Kitenge kilipofunuliwa, tukaona mnyama mrefu mwembamba kama mkono wangu, mistari mgongoni, pua ya kupekuapekua, na macho mekundu kama ya mtu aliyekesha na kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

"Anaitwa Zorobabel," Mukaka akasema. Siku alipomwokota shambani, angali mdogo kama kidole gumba, ndilo jina katekista alilokuwa amesoma kanisani asubuhi. "Na hapana kumucheka. Siku mbili mu njia, hakulia hata kidogo. Batu bazima balilia. Yeye, hapana."

Mimi nilicheka. Mimi nacheka vyote. Atelier yangu ya kwanza, karakana ya kule Beni, iliungua na mbao zote na kidaftari cha wateja. Siku tatu nilikaa kimya, siku ya nne nikacheka, na tangu hapo sijapata sababu nzuri ya kuacha.

Bénite hakucheka. "Papa Kahongya, kuku zangu ni saba. Kesho nikihesabu sita, mimi na ile kitu yako, moja wetu atatoka mu hii parcelle."

"Mbona unasema ni yangu?"

"Kwa sababu weye ndiye uko na nyundo."

Basi nikajenga. Na nilijenga vizuri, nisiwadanganye. Miguu minne juu ya ardhi, kama tunavyojengea sungura. Mbao zilizopigwa randa mpaka zikawa laini. Vyumba viwili, cha kulala na cha kulia. Wavu mbele, mlango wenye bawaba. Mwisho, kama fundi yeyote wa hapa anayejiheshimu, nikapaka nyumba nzima mafuta ya vidange, yale meusi yanayotolewa kwenye injini za malori. Ndani na nje, mara mbili. Mbao iliyokunywa vidange, mchwa anaipita bila kuisalimia.

Chakula kilikuwa kazi ya Bénite. Pamoja na vitisho vyake vyote, yeye ni mwanamke wa kwetu: kiumbe mwenye jina, mwenye pa kulala ndani ya parcelle yake, hawezi kumpa kitu kibichi. "Mugeni, umupatie kibichi? Batu batasema nini?" Siku ya kwanza akamwekea fufu, ugali wa muhogo, na ndakala, samaki wadogo waliokaangwa na mawese. Zorobabel hakugusa. Siku ya pili akachemsha yai, akalimenya, akalitia na chumvi. Hakugusa. Nikasema labda anangoja tuombee chakula kwanza. Bénite alinitazama vibaya, halafu, nilimwona mwenyewe, akapiga ishara ya msalaba juu ya bakuli.

Siku ya tatu Zorobabel alilala kwenye wavu, pua ameisukuma nje kwenye tundu, mbavu zinahesabika. Na Mukaka Katungu naye akarudisha sahani yake ikiwa imejaa.

"Nitakula wakati atakula," akasema.

Tukahesabu, kumbe ilikuwa sahani ya sita; zile tano tulidhani ni uchovu wa njia. Tangu nguchiro aanze kukataa, yule mama alikuwa anaishi kwa chai. Alikuwa ametembea siku mbili na miguu ya miaka sabini na kitu, na sasa alihitaji mikono miwili kuinua kikombe kitupu. Bénite alinivuta pembeni. "Atatufia hapa. Atakufa kwa sababu ya panya ya mistari. Fanya kitu."

Nilienda kukaa karibu naye kwenye kizingiti.

"Mukaka, niambie kweli. Ana ugonjwa?"

"Hana ugonjwa."

"Basi ana kiburi? Nimemujengea nyumba ambayo mimi mwenyewe sina."

Akainamisha kichwa. Akafungua mlango wa nyumba ile, akamtoa Zorobabel, akamweka chini. Mnyama akajikokota mpaka kwenye udongo wa shimo la migomba, akaanza kujisugua mgongo, tumbo, mashavu, kama mtu anayejifuta matope. Lakini yeye alikuwa anajifuta kwa matope.

"Unaona?" Mukaka akasema polepole. "Papa, hasira hapana. Ile nyumba inanuka lori."

Nikanusa viganja vyangu. Sikusikia kitu. Miaka thelathini ya vidange. Pua yangu iliacha kazi zamani bila kuniaga.

"Tangu siku gani ulijua?"

"Tangu ya kwanza. Mais lakini umejenga na roho yako yote. Nyumba ya kupewa, unaisema vibaya namna gani? Nikaona haya." Akavuta kitenge mabegani. "Yeye anajua dunia na pua. Chakula kikiingia pale ndani, kwake ni vidange na chumvi."

"Na kule kwenu alikuwa analala wapi?"

"Mu kichuguu, nyuma ya nyumba. Kichuguu kizee, mchwa ilishakihama. Anaingia, analala, asubuhi anatoka anatafuta mende, mchwa, yai ya kuku aliyetagia mu majani."

Jamani, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mimi, Kahongya, niliyepoteza kidole kwa msumeno na ujana wangu kwa kupigana na mchwa, nimemshindisha mnyama njaa kwa kumkinga na mchwa wale wale waliomjengea nyumba. Halafu nikamwona Mukaka anajaribu kucheka na mimi na hana nguvu ya kumaliza, nikaacha. Nikachukua simu, nikampigia Yassini. Yassini anaendesha Fuso, ananiletea mbao kutoka Beni, na barabara yake inapita Kalunguta.

"Yassini, nakuomba kichuguu."

"Umekunywa?"

"Kizee, kitupu, ukubwa wa pipa, pale Kalunguta, nyuma ya nyumba nitakayokuelekeza. Ukikate chini, usikivunje."

"Ngoja. Miaka kumi nakupakilia mbao za libuyu, na kila mara ni 'Yassini angalia mchwa, Yassini nitakurudishia'. Leo unataka nyumba yao kabisa? Bateja wako bakisikia, wallahi batahama."

"Kuna mama hapa hajakula siku tatu."

Mzaha ukamtoka mara moja. "Kesho, mbele ya sala ya adhuhuri," akasema.

Nikabomoa nyumba yangu nzuri. Nilibakiza wavu tu, nikauosha na sabuni mara nne, nikaufunga kwenye miti mibichi ya mkaratusi isiyopakwa chochote, juu ya udongo mtupu, na sehemu nyingine ya wavu nikaifukia chini, asije akachimba kuwafuata kuku saba.

Yassini alifika kabla ya saa sita. Kichuguu kilikuwa juu ya mbao, kimefungwa ndani ya bâche, turubai la lori, kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Wanaume wanne tulikishusha, tukakivusha mlango wa wavu, na pale, hatua ya mwisho, Yassini akateleza. Kichuguu kikaanguka ubavu, kikafunguka vipande viwili.

"Astaghfirullah," Yassini akasema. "Nimeharibu."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti.

Nilikuwa nadhani kichuguu ni rundo la udongo. Maisha yangu yote nimepiga teke vichuguu. Ndani yake kulikuwa na ghorofa. Sakafu juu ya sakafu, nyembamba kama karatasi ya msasa, kila moja imeshikwa na nguzo, na kila nguzo imepanuka juu na chini, pale pale ambapo mimi ningeweka kiungo. Ngazi zinazozunguka. Njia ya hewa inayopanda kutoka chini mpaka juu, laini ndani kama shingo ya chupa. Nilipitisha kidole changu kwenye tao moja, nikatafuta mahali pa maungio, nikakosa. Hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna timazi. Waliojenga hawana macho, na hakuna mmoja wao aliyekuwa mkubwa kuliko punje ya mchele, na hakuna aliyeishi mpaka kuona kazi imekwisha. Nilitaka kusema neno la kuchekesha.

"Hii," nikasema mwisho, "hii ni kazi."

Tukasimamisha kile kipande kikubwa, chenye mlango wa zamani wa nguchiro, na kile kingine tukakiegemeza ubavuni. Mukaka akamleta Zorobabel kifuani, akamweka chini. Mwanzoni alilala tu. Halafu pua ikasogea. Ikasogea tena. Akanyanyuka, miguu inayumba, akanusa udongo chini, akanusa ukuta, akasugua shavu lake pale mara moja, akaingia. Mkia ukafuata. Tukabaki kutazama shimo.

Kutoka ndani ikaja sauti ambayo hakuwahi kuitoa tangu afike kwetu: vilio vidogo vidogo vya haraka, kama ndege wengi wanaoulizana habari.

"Anaita benzake," Mukaka akasema. "Alikuwa amenyamaza tangu Kalunguta."

Bénite akaingia banda la kuku, akatoka na yai. Bichi, lenye unyoya. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetoa damu, lakini aliliweka mwenyewe mbele ya shimo.

Zorobabel akatoka. Akalinusa. Akalizungusha kwa mikono miwili mpaka karibu na ukuta wa kichuguu, akageuka, akaupa ukuta mgongo, akalishika yai kati ya miguu, na kwa nguvu ambayo sijui aliitoa wapi, akalirusha nyuma, chini ya tumbo lake. Pa! Yai likagonga, likarudi zima. Akalifuata, akaliweka tena pale pale, akalipima. Pa! Likapasuka.

Yassini alivua kofia yake, akasema Subhanallah kwa sauti ya chini kabisa. Bénite alikuwa ameshika mdomo. Hakuna mtu aliyemfundisha yule mnyama. Aliokotwa macho yake hayajafunguka. Tulisimama pale watu wazima sita, tukisikiliza ulimi mdogo ukilamba ganda, na mtu angepita barabarani angedhani tuko kwenye misa.

Alipomaliza, alinusa ardhi kutafuta lingine. Mukaka Katungu akakaa chini taratibu, hapo hapo kwenye udongo, akanyoosha miguu.

"Bénite, mwana yangu. Fufu ya asubuhi iko?"

"Iko, Mukaka, mais imepoa. Nikupashie moto?"

"Hapana," akasema. "Leta vile iko."