Ndege Waliolala Chali

Baiskeli nane zilikuwa zimeshamaliza mteremko wa sokoni ndipo Kengele, kiongozi wa msafara, akageuka kuhesabu wageni wake na kumwona mkiani dada yake mkubwa, aliyekuja juzi kumsalimia baba yao. Kofia inampwaya, sketi kaibana kwa vibanio vya nguo, anakanyaga pedali kama anayedaiwa na barabara.

"Dada! Umetokea wapi?"

"Nyumbani, mdogo wangu. Ulidhani nimeshuka mawinguni? Baba kanituma nikauone mlango wake."

"Mlango upi?"

"Kwani anayo mingapi? Kila jioni anakuuliza kama umepita mlangoni kwake, nawe unamjibu umepita, watu wameusifu. Sasa masikio yamekufa, macho yanaaga, anataka shahidi."

Kengele alihisi kama mnyororo umemchomoka. Akatazama chini. Mnyororo ulikuwa mahali pake.

Mwaka wa kumi na moja huo alikuwa akiwazungusha watu mji mkongwe. Shule aliiacha darasa la sita. Mengine aliyaokota kwa walinzi wa majumba, na alichokikosa alikijaza mwenyewe. Mnara wa saa, kisima, halafu ghala la forodha. Pale ghalani kuna mlango mkubwa wenye nakshi za ndege, na ndege wote wamelala chali, miguu juu. Ndipo Kengele alipopatia kicheko chake. "Fundi aliyeufunga, mabibi na mabwana, alikunywa mpaka ndege nao wakalewa!" Hapo huyumba kidogo, watu wakashika mbavu.

Fundi mwenyewe ni baba yake. Hilo hakuwahi kumwambia mgeni yeyote. Alijifariji kwamba mzaha usiotaja jina haumuumizi mtu.

Siku hiyo pale mnarani aliongea mpaka mate yakamkauka. Walipofika njia panda akakata kushoto, kulikwepa ghala. Mgeni mmoja, mama daktari wa meno, akafunga breki.

"Kiongozi, na wale ndege walevi? Rafiki yangu kaniambia nisirudi bila kuwaona."

"Njia imefungwa, mama."

"Na nani? Mbona ghala naliona lile pale?"

Basi wakaenda. Kengele akasimama mbele ya mlango, wageni wamemzunguka, dada yake kaegemea usukani.

"Mlango huu," alisema, "ni wa mbao."

Watu wakangoja.

"Aa, leo kaona haya!" Daktari akateremka, akausimulia mzaha mwenyewe neno kwa neno kama alivyousikia kwa rafiki yake, na kuyumba akayumba. Wageni wakaangua kicheko. Mmoja akadondosha miwani.

Dada hakucheka. Aliegesha baiskeli, akachuchumaa, akapapasa mbao kwa chini.

"Huyo fundi hakuwa mlevi," alimwambia daktari, kwa upole tu. "Maji ya mvua yalikuwa yanatuama hapa kizingitini. Chini pakaoza, juu pakabaki pazima. Mwenye ghala hakutaka mlango mpya. Fundi akakata palipooza, akaupindua, palipo pazima pakae kwenye maji. Kule juu akaunga kipande. Si mnakiona kiungo? Mimi nilimshikia misumari, nina miaka tisa. Akaniambia, watu watacheka, lakini mlango utasimama."

Wote wakainua macho. Kiungo kile Kengele alikuwa akikionyesha kwa kidole kila wiki: "Na kipimo pia kilimshinda!" Kumbe siku zote hizo hakuwahi kumuuliza baba yake swali moja.

"Jamani, nisameheni," daktari alisema, uso umemshuka. "Ni nani huyo fundi?"

Dada akasimama, akajipangusa mikono. "Muulizeni kiongozi. Yeye ndiye anayejua mambo ya mji."

Kengele alifungua mdomo. Neno lilikuwa moja, na jepesi. Lakini akamwona daktari, akamwona yule wa miwani, akazikumbuka zile Jumatatu na Jumamosi zote alizoyumba mahali pale pale. Jasho likamtiririka hadi kwenye soksi.

"Jina lake halikuandikwa," alisema.

Dada akapanda baiskeli. Akatangulia nyumbani.

Jioni mzee alikuwa ameshakaa kitini, kiganja sikioni. "Enhe, mmepita mlangoni kwangu? Wamesemaje?"

Dada akamwinamia, akapaza sauti: "Wamekitazama hadi kiungo, baba!"

"Kiungo!" Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Basi hao wanajua mbao. Kijana wangu anawafundisha vizuri."

Kengele akainama kufungua kamba za viatu vyake. Vilikuwa viatu visivyo na kamba.

Dada aliondoka siku ya nne, akarudi kwake. Akipiga simu huzungumza na mke wa Kengele tu. Mzee hakuuliza tena habari za mlango, na alifariki mvua zilipokwisha. Daktari wa meno alirudi mwaka uliofuata na wanawe, akawasimulia habari ya maji na kiungo bila kuyumba. Ghala liligeuzwa ofisi. Mlango upo, ndege wamelala chali, na kando yake pamebandikwa maelezo yaliyokusanywa kutoka kwa viongozi wa misafara: fundi hajulikani. Kengele ameomba mara mbili yabadilishwe. Wenye ofisi wanataka ushahidi wa maandishi, naye hana. Bado anaongoza. Pale mlangoni sasa hulitaja jina la baba yake. Hakuna anayecheka, wageni hutazama juu kidogo, halafu huuliza kisima kiko wapi.