Mwombezi wa Mwende

Mwende aliificha safari yake kama wengi wa kwao wanavyozificha: maadamu viza haijagongwa, jina la mji halitoki kinywani. Katika kanisa lao, ghorofa ya pili ya jengo kuukuu katikati ya Johannesburg, alikwisha kuwaona waliotangaza mapema wakakosa, na lawama ikaangukia jicho la jirani. Kwa hiyo aliifuata desturi, akamteua mtu mmoja tu wa kumweleza, wa kufunga na kuomba naye. Mwombezi huyo alikuwa Lois.

Wote wawili walikuwa walimu wa Kiingereza katika shule ndogo ya lugha huko Braamfontein, nayo ilikuwa ifungwe mwisho wa mwaka. Lois, aliyemzidi umri, alisema amechoshwa na ugeni na angerejea Nairobi. Mwende hakuwa na pa kurejea ila chumba cha mama yake Kitui. Shule moja ya Praha, mji wa madaraja ya mawe na minara mikongwe, ilikuwa ikitafuta mwalimu mmoja, na kila mwombaji alitakiwa kufundisha somo la majaribio mbele ya kamera.

Somo alikuwa nalo. Lilizaliwa katika saluni ya Victorine, mama wa Bukavu aliyesali nao; huko Mwende alikwenda kila Jumamosi kuwafundisha wasusi Kiingereza bila malipo. Alikuwa akiweka mezani kichwa cha sanamu chenye nywele bandia, kisha akisuka vibaya kwa makusudi. Msusi hawezi kuutazama msuko mbovu akanyamaza. Wanawake waliokuwa wakiona haya kutamka neno moja la Kiingereza waliisahau haya yao, wakamkemea na kumwelekeza kwa Kiingereza hichohicho mpaka mkono ukanyooka.

Alilirudia somo hilo nyumbani kwa Lois, Sandton, ambako mtandao haukatiki. Lois alijifanya mwanafunzi. Alfajiri walipigiana simu wakaomba. Jioni walifungua kwa uji.

Siku ya mahojiano, hukohuko kwa Lois, Mwende hakufika hata katikati ya somo. Mwalimu mkuu wa Praha aliinua mkono kwenye skrini, akamwambia kwa adabu kwamba somo hilo wamekwisha kuliona juma lililopita kwa mwalimu mwingine, na makosa yake yalikuwa yaleyale. Nafasi imejazwa, akasema, na wao hawapendi watu wanaojipamba kwa kazi ya wenzao.

Lois alitoka jikoni, akamkumbatia, akalia naye. Mwende alipotaja shaka yake kwamba huenda msusi mmoja alimrekodi kwa simu na kulisambaza somo mtandaoni, Lois alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema watu hawana shukrani. Tangu hapo Mwende hakukanyaga tena saluni, na Victorine alipompigia, hakupokea.

Ikaja Jumapili ya shukrani. Lois alisimama kutoa ushuhuda. Alisema Mungu amemfungulia mlango wa Praha, na kwamba katika mfungo alijaliwa ndoto, akaoneshwa jinsi ya kufundisha kwa kichwa cha nywele. Vigelegele vikapigwa.

Victorine, aliyeketi safu ya nyuma, aliinama mbele.

“Eh, mwalimu. Huyu tangu lini anajua kusuka?”

Uso ulimwaka Mwende kwa aibu ya kuwashuku wasusi bure. Angesimama aseme nini? Hakuna mwingine aliyeijua safari yake. Siri aliyoifunga kwa hofu ya husuda sasa ingemfanya yeye aonekane hasidi.

Kisha Lois akamwita mbele. Kwa desturi yao, anayesafiri huwekewa mkono na aliyefunga naye. Mwende alikwenda, kwa kuwa kanisa zima lilikuwa limegeuka kumtazama. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha Lois, akainama sikioni.

“Ule mfungo, dada. Ulifunga kweli?”

Lois hakufumbua macho. “Nilifunga. Sikula hata tonge.”

“Ukimwombea nani?”

“Nafasi ilikuwa moja, Mwende.”

Somo lilikuwa limekwisha kwenda, na kazi pia. Lakini zile alfajiri Mwende alikuwa bado amezihifadhi moyoni, akiamini kuwa kulikuwa na sauti mbili zikimwombea yeye. Akauondoa mkono. Kanisa lilisubiri maneno, hayakuja.

“Amina,” alisema, na kanisa likaitikia, likidhani ameomba kimoyomoyo.

Hakurudi kitini pake. Alikwenda safu ya nyuma, na Victorine akauondoa mkoba wake kwenye kiti kumpisha.

“Nilikudhania vibaya, mama,” Mwende alisema.

“Nilijua kuna kitu. Jumamosi utakuja?”

“Nitakuja.”

“Na kile kichwa?”

Mwende alitazama mbele, ambako watu walikuwa wamejipanga kumpa Lois mkono wa heri. “Kimebaki Sandton,” alisema. “Nadhani kitasafiri.”