Baridi ya Mkubwa

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mkubwa wetu pale redioni ana upara.

Kiyoyozi cha ofisi yake kiliharibika. Mwenye akili angemwita fundi. Yeye akamwita mwashi, akatoboa ukuta unaotenganisha ofisi yake na ghala la kanda za sauti, ambalo hupozwa usiku na mchana, tundu ambalo mbuzi angepita bila kuinama, ili baridi ya kanda imfikie kitini.

"Mkubwa, na gesi ya kuzimia moto je?" nikamuuliza. Mimi ndiye mtunza ghala, na humo ndimo ilimobaki sauti ya marehemu mama yangu, aliyekuwa mtangazaji. Kanda moja tu. Binti yangu hakuwahi kumwona bibi yake, na kila nikiomba ruhusa ya kumnakilia, naambiwa nisubiri.

"Gesi si ipo, dada? Tena ya bei mbaya. Unaogopa nini?"

Jamani! Siku ya uzinduzi wa mtambo huo wa gesi alitusomea maelezo mwenyewe, tai shingoni. Moshi ukinuswa, kengele inalia, watu wanatoka, mlango unafungwa, ndipo gesi inamwagika kutoka darini. Haina maji, haichafui kanda, inaunyima moto pumzi. Ila sharti ikae mle ndani mpaka vitu vipoe. Ikipata pa kutokea, moto unarudi. Alisoma vizuri sana, tukapiga makofi.

Basi juzi mchana waya ukalipuka juu ya rafu. Kengele ikalia, nikatoka, nikafunga mlango barabara. Gesi ikashuka kwa kishindo, na kwa kuwa si mjinga, ikashika njia iliyochongewa. Tukasikia yowe ofisini kwa mkubwa. Akatoka anatambaa, kiatu kimoja, tai mgongoni, makaratasi yanamfuata.

"Nakufa!"

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," mfagizi akanong'ona. Tukacheka mpaka machozi, na mimi nikiwemo, Mungu anisamehe.

Kisha nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Moto ulikuwa umelala. Nikauona unaamka taratibu, kwenye rafu ya mama. Nikapiga kelele kama mwendawazimu, lakini mitungi ya gesi ilikuwa mitupu. Zimamoto walipofika na mipira yao, kilichoachwa na moto kikachukuliwa na maji.

Mkubwa amewaambia waandishi wa habari kwamba gesi ilikuwa feki. Ameagiza mitungi mikubwa zaidi. Na tundu? "Joto hili litatuua, dada."

Kanda moja ilipona, kwa sababu aliifungia kwenye droo yake: hotuba yake ya uzinduzi. Ameniagiza niinakili haraka. Ruhusa imetoka bila kuombwa, hasidi mkubwa yule.

Jana nikaicheza nyumbani ili niinakili. Binti yangu akasikia kanda inaanza kukwaruza, akaja mbio kutoka jikoni, mikono ina povu la sabuni.

"Mama, ndiye bibi huyo?"

"Hakikisheni chumba kimefungwa kabisa," mkubwa akamjibu kutoka kwenye kanda.