Uso wa Kumuagia Noela

Noela alikwisha kuapa: akimkuta mama yake bado amekauka vile siku ya sherehe ya kumuaga, haolewi ng'o. Angewarudisha wakwe kwao Muleba, abaki Nyakasimbi kumuuguza mama. Harusi ilishaahirishwa mara moja kwa sababu hiyo hiyo, na upande wa bwana harusi ulikuwa umeanza kuguna.

Ndiyo maana Alhamisi, asubuhi ya sherehe, mama huyo, Sperancia, alimwita chumbani Gloriose, mpambaji aliyeletwa kutoka Kayanga kumremba binti, akafunga mlango.

"Anza na mimi."

"Shikamoo mama. Na wewe tena? Si mnasema jumuiyani poda ni ya Yezebeli?"

"Marahaba. Yezebeli alijipamba aonekane. Mimi nataka isionekane."

Gloriose akacheka, akamwondolea mtandio, kicheko kikakatika. Mashavu yalikuwa yamezama, ngozi imekuwa kijivu kama majivu ya jikoni. Sperancia akamweleza yote: uvimbe wa tumboni, na daktari aliyemwambia kwa upole arudi nyumbani akae na watu wake. Noela hakujua. Hata Mukandekezi, mdogo wake Sperancia aliyekuja kumuuguza, alidhani ni vidonda vya tumbo tu.

"Mawe, mama wee! Na huwaambii?"

"Akishafunga ndoa Jumamosi, nitasema."

Gloriose akafungua mkoba wake. Alitoa kikopo cha poda ya madini, kavu na laini kuliko unga wa muhogo.

"Ile ya maji itapasuka kwenye ngozi hii. Hii inakaa."

Alimpaka mafuta kidogo, akasubiri ngozi iyanywe. Akamimina poda kwenye kifuniko, chembe tu, akazungusha brashi humo, akaigonga ukingoni ili ya ziada idondoke. Kisha shavuni, viduara vidogo vidogo kuelekea sikioni, kwa mkono mwepesi. Tabaka jembamba, halafu jingine.

"Ukijaza kwa pupa utafanana na mtu aliyetoka mashineni kusaga."

Kijivu kikapotea. Kwenye kioo akatokea Sperancia wa wakati ule marehemu mumewe akiwa hai, na hakuna ambaye angesema amepakwa kitu.

"Macho siyawezi, mama. Yana njano."

"Nitayainamisha. Watadhani nasali."

Na ndivyo walivyodhani. Noela alipomwona alipiga kelele ya furaha, akanyoosha mikono amshike mashavu. Sperancia akaiwahi mikono ile, akaibusu.

"Mama, umepona!"

"Si nilikwambia? Nenda kwako, mwanangu."

Wanawake wa jumuiya, waliokuwa wakipeana zamu za kumletea maji na kuni, wakamzunguka. Felicitas, mwenyekiti wao, akashika kiuno.

"Jamani, huyu alikuwa anautaka uji wetu tu! Zamu zote tunazihamishia kwa bibi Mackrine asiyejiweza."

Wakacheka. Sperancia naye akacheka. Jioni Noela aliondoka na wakwe, na hakugeuka nyuma kwa wasiwasi.

Asubuhi iliyofuata Sperancia alikuwa kitandani, amenawa uso, poda imetoka, tumbo likimkata, aliposikia Mukandekezi akibisha hodi mlangoni.

"Dada, umeamkaje? Maadamu umepona, narudi kwangu Igurwa. Kahawa inaivia mtini, inadondoka."

Alitaka kusema, usiende. Lakini mdogo wake akiuona uso huu angempigia Noela simu papo hapo, na ndoa ilikuwa kesho.

"Ngoja, navaa."

Alikitoa chini ya mto kile kikopo alichomwomba Gloriose amwachie. Chembe tu. Gonga ukingoni. Viduara vidogo, kuelekea sikioni.

Alifungua mlango akiwa ameinama.

"Dada, unang'aa! Mungu ni mwema."

"Ni mwema. Wasalimie watoto."

Alimsindikiza hadi mwisho wa migomba, akasimama wima mpaka kitenge cha Mukandekezi kikapotea njiani. Kisha akarudi akishika mgomba mmoja baada ya mwingine. Ndoo ya maji ilikuwa tupu. Alikaa kizingitini na rozari yake, asiweze kufika jikoni wala kurudi kitandani.

Walipita wanawake wawili wa jumuiya, ndoo kichwani, wakielekea kwa Mackrine. Wakamwona, wakampungia mkono kwa furaha.

Naye akawapungia. Jasho lilimtiririka, na poda haikutoka.